Mama, Kaka Hamisi Amekuja na Migebuka

Kwako Mama, Mama Hamisi wa Ujiji,

Shikamoo. Najua huko uliko barua hazifiki, lakini nikinyamaza nitapiga kelele, na mwanao wa kwanza yuko sebuleni atanisikia. Amefika jioni hii kutoka Simbo bila kupiga simu, siku ya kazi, wakati shamba lake linataka palizi. Amekuja na migebuka wanono, amepita Kibirizi kuwanunua mwenyewe. Wewe unamjua Hamisi. Ndiye aliyekuwa akificha karanga chini ya godoro ili nisimwombe. Tangu lini ananinunulia samaki?

Naogopa, Mama. Nalisema mapema nisije nikazungukazunguka.

Nakuandikia juu ya cherehani yako. Ndiyo meza yangu ya kusomea, na kompyuta inakaa pale ulipokuwa ukiweka mkasi. Nasoma tena, na umri wote huu! Mchana natibu watu hospitalini, jioni nakaa hapa nasomea tiba ya saratani, masomo ya uzamili ya madaktari walio kazini. Wenzangu wako Mtwara, Mbeya, Bukoba, tunaonana kwenye mtandao kila mtu na kidirisha chake, na wa Kigoma ndiye anayepotea umeme ukikatika. Mguu wangu unakanyaga pedeli bila mimi kujua. Juzi mwalimu akauliza ni mashine gani inayolia huko. Nikamjibu, "Ni mama yangu." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Unakumbuka mwaka ule wakimbizi walipojaa mjini? Boti zilikuwa zikishusha watu tangu alfajiri, na barazani kwako hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikuja na kipande kimoja cha kitenge wakitaka kitoe magauni ya watoto watatu, na wewe ukakigeuza na kukigeuza mpaka kikatoa. Kila mmoja ulimuuliza, "Umemwacha nani huko?" Ukasimamisha cherehani ukamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nakata nyuzi miguuni pako na nilidhani hiyo nayo ni sehemu ya ushonaji.

Mwaka huohuo ukaanza kushona umeubana mkono wa kushoto ubavuni. Ukapelekwa hospitali. Daktari alikupima wewe, lakini aliyeitwa ndani kuambiwa ni Mjomba Seifu. Ndivyo ilivyo kwetu, mgonjwa hapewi jina la ugonjwa wake, wanapewa wakubwa wa familia. Siku ile mjomba alikuja nyumbani na samaki mkubwa sana. Tulipokaa kula ukamtazama usoni.

"Kaka, daktari kasema nini?"

"Kula kwanza, dada."

Sote tukainamia sahani. Nawe ukala, Mama. Ukanawa, ukarudi kwenye cherehani, na hukuuliza tena mpaka tulipokuzika. Wewe uliyewauliza watu wote habari zao, ya kwako hukuambiwa. Sijui kama uliijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kifo chenyewe, kwamba kama ulikuwa unaogopa, uliogopa peke yako, katikati yetu.

Muhula uliopita tulifundishwa namna ya kumpa mgonjwa habari mbaya. Nilidhani ni somo jepesi, maneno tu. Mwalimu akasema mgonjwa ndiye mwenye habari yake, sisi tunamfikishia. Nikabisha, nikamwambia huku kwetu ukimwambia mgonjwa moja kwa moja utaonekana huna utu. Hakugombana nami. Alisema nijaribu siku moja, nione.

Siku yenyewe ikaja. Aliletwa mama mmoja kutoka kambini, Mrundi, mtu wa makamo, majibu yake mabaya. Nikamwambia aniitie ndugu yake. Akanitazama.

"Jewe nta muntu mfise. Sina mtu, daktari. Niambie mimi."

Nikamwambia, Mama. Alilia, akajifuta, kisha akaanza kuuliza: dawa zipo, atapelekwa wapi, nani atamlea mjukuu. Maswali ya mtu anayejipanga. Anatibiwa mpaka leo, na akiniona hunisalimia kwa sauti wodi nzima igeuke.

Sasa nisikilize. Nilipokuwa nasoma sura ya matiti nilijipima, kama wanafunzi wote wanavyofanya, kwa kucheka kidogo. Nikakuta kivimbe. Titi la kushoto, upande uleule wako. Daktari Lameck, mkubwa wangu wa kazi, alinitoa kinyama kwa sindano akakituma maabara Mwanza. Ni yeye tu aliyejua. Nyumbani sikumwambia mtu, hata Hamisi. Tangu hapo nimekuwa nikijifanya nimesahau, na kila simu ikilia natazama kwanza kama inatoka Mwanza.

Leo asubuhi Lameck ameniamkia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, mtu ambaye kila siku ananitania kwamba nimezeekea darasani. Ameniambia nipumzike kesho, zamu yangu ataichukua. Matroni amenishika bega akasahau kuutoa mkono. Halafu Lameck, akiangalia dirishani, akaniuliza kama Hamisi bado yuko Simbo. Wanajuana, maharage ya nyumbani kwake yanatoka shambani kwa Hamisi. Nikamjibu yupo, na sikuwaza zaidi. Sikutaka kuwaza.

Simlaumu Lameck. Amefanya alichokiona ni heshima, amemtafuta kaka yangu mkubwa ampe yeye habari. Lakini mimi najua dalili hizi, nimezisoma hapahapa miguuni pako kabla sijaenda shule yoyote. Nimejiambia labda Hamisi amegombana na mkewe. Niombee, Mama, iwe wamegombana!

Nasikia sufuria. Amekaanga samaki mwenyewe, yeye asiyejua chumvi inakaa wapi. Nilipotoka kuchota maji nikamuuliza, kwa kucheka, kimemleta nini. Macho yake mekundu. Akanivutia kiti.

"Hujambo mdogo wangu. Kaa. Kula kwanza."

Nimemwambia nakuja, nikakimbilia huku kwako. Daktari mzima, ninayefundishwa kuwaambia wengine, nimejifungia chumbani na cherehani. Upande mmoja nataka nitoke, nikae, nile, nisiulize kitu. Ningelala usiku wa leo bila kujua, na kesho pia. Sasa naelewa kwa nini ulikula.

Lakini Hamisi naye ameibeba habari hii kutoka Simbo, na njia nzima hakuwa na wa kumpa. Siwezi kumwacha nayo mezani, nami siwezi kuogopa kama ulivyoogopa wewe, katikati ya watu, peke yangu.

Barua hii naiacha wazi hapa kwenye ubao wa cherehani yako, aisome atakayeingia, na Lameck nitamsomea mwenyewe.

Ananiita tena, anasema samaki wanapoa. Natoka, Mama. Nitamwambia, "Kaka, nitakula baadaye. Niambie mimi."

Nishike mkono mpaka mlangoni.

Mwanao wa pili,
mwenye habari yake.