Mama mkwe, perege na jina kwenye hataza

Shangazi Subira, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumapili, maana furaha yangu imeingia mdudu. Mimi ni fundi redio hapa Songea mjini, na nimebuni spika ya kuzamisha bwawani, iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, inayoita samaki waje kula, maana chakula kikitupwa ovyo nusu yake inaoza chini. Niliijaribu Peramiho kwenye bwawa la perege la mama mkwe wangu, Mama Kunegunda, mkunga mstaafu, na wiki tatu ilikoroma tu majini, mpaka siku moja mama, ambaye kwa desturi yetu hatusogeleani wala hatuongei uso kwa uso, akasema akiwa nyuma ya migomba, "Hilda, mwambie mkwe wangu hewa ndiyo inazuia sauti, hata wajawazito tunawapaka jeli kwanza ndipo tuwapime kwa ultrasaundi, basi na yeye ajaze mafuta ya kula kwenye mfuko wa spika." Nilikuwa hatua kumi tu, namsikia vizuri, lakini nilisubiri mke wangu Hilda aje anirudie neno kwa neno. Nikajaza mafuta ya alizeti, nikatoa hewa yote, nikawasha ngoma ya lizombe, na Shangazi, perege walikuja kutoka kila pembe mpaka maji yakawa kama yanachemka! Nilirukaruka kama mtoto, na mama akapiga vigelegele huko huko migombani.

Sasa naomba hataza, kile cheti cha kulinda uvumbuzi, na fomu inataka majina na saini za wavumbuzi wote. Nikaona niandike langu peke yake, nisimwaibishe mama kukaa meza moja na mkwewe. Hilda amenuna tangu Jumatatu. Mama ametuma neno moja tu: "Mwambie mkwe wangu bwawa nimelifunga." Na Jumapili baada ya misa nimewaahidi waumini maonyesho bwawani hapo hapo. Nifanyeje?

Hironimus, Songea

Marahaba mwanangu, na hongera! Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kulikoni. Sasa kaa nikukaripie. Kumkwepa mama mkwe njiani ni heshima. Kuliacha jina lake nje ya fomu ni ujanja, na unajua, ndiyo maana umeniandikia. Bila yule mkunga ungekuwa bado unakoromesha maji. Akiamua kuipinga hataza yako, mimi nitambebea mkoba.

Jumapili usionyeshe kitu. Uvumbuzi ukianikwa hadharani kabla ombi halijapokelewa, unaweza kuikosa hataza yenyewe. Waambie waumini ukweli, watasubiri.

Halafu nani kakuambia lazima mkae meza moja? Fomu ni karatasi, inabebeka. Saini wewe mjini, Hilda apande nayo basi mpaka Peramiho, mama asaini kwenye migomba yake. Jina lake litangulie, lako lifuate.

Lakini kwanza nenda ukamwombe radhi. Njia unaijua. Simama hatua zako kumi, anza na "Hilda, mwambie mama," ila safari hii sema kwa sauti kubwa, asikie mwenyewe.