Leo Hakuna Gunia la Sukari

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yatieni chumvi yakishaiva, si kabla. Sabuni ni hicho kipande kimoja, mfue sare tu, mapazia yavumilie. Sukari hakuna, na msiende kuomba kwa jirani.

Mnajua kwenye ghala la jumla hawamuuzii asiye na duka, ndiyo maana mimi na mama yenu mdogo tumekuwa tukijiita wenye duka. Duka lenyewe ni meza hii: gunia likifika, mimi nagawa, yeye anachagua fungu. Sasa leo asubuhi muuzaji kauliza, "Hili duka ni la nani hasa?" Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akajibu upesi, "Langu. Huyu dada ni mteja wangu."

Gunia zima la sukari akauziwa yeye. Tulipotoka nje ananiambia, "Usinune, dada. Nimeanza kuuza pale dirishani kwangu. Njoo uwe unachukua kwa kilo, nitakupunguzia."

Anipunguzie! Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimevaa hata sweta langu. Miaka yote mimi nagawa, yeye anachagua. Leo kagawa yeye, na kuchagua kachagua yeye.

Jioni atapita, namjua. ~~Msimfungulie mlango.~~ Mfungulieni, ni damu yetu. Mpeni kiti kizuri, na chai ya moto bila sukari. Akiuliza sukari iko wapi, mwambieni iko dukani kwake.

Mama yenu,
mteja