Kilima cha Tope

Mume wangu,

Tu wazima, mvua tu ndiyo haitaki kukatika. Mama yako alinikataza kukwambia, lakini juzi moyo ulimbana, nikamkimbiza hospitali kwa gari.

Kwenye kilima cha tope magurudumu yakaanza kuzunguka bure, tukaserereka kuelekea korongoni. Taa ya njano ya mfumo wa kuzuia utelezi ikawa inawaka na kuzima. Nikakumbuka ulivyonifundisha: "Usiuzime, wala usiongeze mafuta." Nikalegeza mguu. Ajabu! Nikahisi gari linapapasa ardhi, gurudumu moja moja, likanyooka lenyewe, likapanda taratibu.

Mama akanong'ona, "Mkwe wangu, gari hili lina akili kumshinda mwanangu."

Daktari anasema tuliwahi. Amelazwa, anakuulizia. Omba ruhusa kazini, uje.

Mkeo, dereva wa mama yako