Abbasi, Uliyewaposea Vijana Kazi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema.

Ndugu yetu Abbasi bin Kombo, mwaka umezunguka tangu tulipokulaza upande wako wa kuume, uso ukielekea Kibla, na nyumba yako ya Kariakoo bado haijazoea ukimya wako. Tunakuandikia kwa mapenzi. Wala hatutakuficha, kwa kuwa hukupenda kufichwa jambo: tunakuandikia pia kwa uchungu, maana mwaka huu umetutesa, na sehemu ya mateso hayo wewe ndiye uliyetuachia.

Ulistaafu ukarani wa forodha, lakini hukustaafu kuwahangaikia watoto wa watu. Kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, baraza yako ilijaa vijana wa chuo waliokaribia kumaliza masomo na kuitwa kwenye usaili wa kazi. Ulikaa na miwani yako iliyofungwa uzi sikioni, kikombe cha chai ya tangawizi kikipoa pembeni, ukawaingiza mmoja mmoja kana kwamba wewe ndiye tajiri mwenye kazi. "Rudi, uingie tena," ulimwambia aliyeinamisha kichwa. "Umeingia kama mtu aliyekuja kuomba moto kwa jirani." Wenzake walicheka, naye alirudi, akaingia tena na tena, hata akajifunza kuvuka kizingiti kwa miguu ya mtu anayestahili kukaribishwa.

Tena hukumruhusu yeyote kwenda kuhojiwa na tajiri asiyemjua. "Mkitaka kuoa," uliwaambia, "wazee wenu huchunguza hadi kwa bibi yake binti: ni watu wa namna gani, wana hasira, wanamtunzaje mgeni. Basi kazi mtakayokaa nayo mpaka mvi mnaiposa mmefumba macho?" Kisha, darasa lilipokwisha, uliwaonyesha mlango wa nyuma kwa bakora yako. "Haya, nendeni uani kwa Bi Sitara mkapokee majibu ya posa." Walicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Sote tulidhani unawapeleka kula maandazi ya mkeo.

Ulipofariki, kiti chako alikikalia kaka yako Sadalla, aliyesomesha Kurani msikitini tangu ujana wake. Alikikalia kwa nia safi. Bi Sitara alikuwa akikaa eda, na haikufaa mwanamume wa kando kuvuka kwenda uani, basi Sadalla akautia mlango ule komeo. Eda ilipokwisha, komeo likabaki. "Shemeji yangu ametaabika vya kutosha," alisema. "Apumzike." Sisi wanaume wa nyumba tuliitikia kwa vichwa. Tuliona tumefanya heshima.

Tangu hapo vijana wakaanza kurudi mikono mitupu. Walikuwa vijana walewale wa vyuo vilevile, wenye vyeti vizuri, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi au suruali safi. Sadalla aliwafundisha kuketi vyema, kusema kwa upole, kutomkata mkubwa neno. Wakaketi vyema, wakasema kwa upole, wakakataliwa. Kila Alhamisi kaka yako alitoka barazani akiwa amekunja uso, hajui pa kuishika kazi hii wala pa kuiachia.

Lililomchoma zaidi ni la Bakili, mtoto wa dada yenu. Alipokataliwa mara ya pili, aliapa kwamba akikataliwa tena atakitupa cheti chake, apande lori aende kukata mkonge na watu wasiojua hata kusoma. Dada yenu alilia kutwa.

"Walikuuliza nini?" Sadalla alimhoji.

"Waliniuliza kama naiweza kazi, mjomba."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema, kidogo kidogo, nitajaribu, Mungu akipenda."

"Umejibu vyema. Hilo ni jibu la mtu aliyelelewa."

"Hata wao waliniambia nimelelewa vyema, mjomba. Kisha wakanifungulia mlango nitoke."

Sadalla alipandwa na ghadhabu, asijue amkasirikie nani. Bakili alikuwa ameitwa tena, mara ya tatu, kwenye kampuni moja ya kushughulikia shehena bandarini, na siku zilikuwa zikiyoyoma. "Tajiri huyu ni nani?" kaka yako alifoka. "Anataka nini? Anachukia nini?" Bakili akatazama chini. Sadalla mwenyewe hakujua, na kutojua kule ndiko kulikompandisha sauti hata wapita njia wakageuka.

Ndipo mlango wa uani ulipogongwa kwa ndani.

"Shemeji Sadalla!" Bi Sitara aliita. "Unampeleka kijana kwenye posa, nawe hujui hata wakwe wanakaa upande gani?"

"Shemeji, si tulikwambia upumzike?"

"Nimepumzika mpaka viungo vinaniuma. Toa komeo hilo."

Akalitoa. Mkeo alimketisha Bakili kwenye kigoda chini ya kivuli cha ukuta, akamwita Kijakazi, mwanamke wa mtaa wetu ambaye hupika nyumbani kwa meneja wa kampuni ile. Kijakazi akacheka tu. "Bwana yule? Hana ubaya. Ukimwambia chakula 'bado kidogo', hununa siku nzima. Mwambie 'saa saba na nusu', na hata kikichelewa, atangoja na gazeti lake." Naye Taraben, jirani yetu, akadakia toka upande wa pili wa ukuta: "Karani wao wa zamani nilimjua mimi! Magunia ya mume wangu yalinyeshewa bandarini, na yule kila tukimwuliza, kesho, kesho. Ndiyo maana wamemwondoa."

Sadalla alisimama mlangoni akisikiliza. Ilimwingia polepole, kama maji yaingiavyo katika mchanga, kwamba haya ndiyo yaliyokuwa majibu ya posa. Bi Sitara, aliyewachunguzia wazazi wa mtaa huu wachumba wa watoto wao tangu yu kijana, ndiye aliyekuchunguzia matajiri. Hata hivyo Sadalla alishika neno moja asiliachie.

"Mnataka niwaambie vijana waache kusema inshallah? Hilo halitatoka kinywani mwangu."

"Nani kasema waache?" Bi Sitara alijibu. "Inshallah huwekwa juu ya ahadi, shemeji. Hawa hawatoi ahadi. Wanampa tajiri kifuniko bila chungu."

Kaka yako alikuwa amelisomesha jambo hilo msikitini, kwa maneno mengine, miaka mingi.

Bakili alikwenda. Alipoulizwa kama anaiweza kazi, alimtazama meneja usoni kwa adabu. "Naiweza, bwana. Hati za shehena iliyoshushwa asubuhi zitakuwa mezani pako kabla ya saa kumi, inshallah. Na mzigo ukikwama, nitakwambia siku hiyohiyo umekwama wapi." Meneja aliweka kalamu chini. "Nani aliyekwambia kwamba mizigo yetu hukwama?" Bakili akamjibu: "Niliuliza, bwana, kabla ya kuja." Wakamchukua.

Dada yenu alipiga vigelegele vikasikika hata sokoni. Sadalla hakusherehekea. Aliketi barazani akiwakumbuka wale wote aliowapeleka mwaka mzima na adabu zao njema, wakarudi wameinama, ilhali dawa yao ilikuwa hatua chache nyuma ya mgongo wake, imefungiwa komeo kwa jina la heshima. Akaenda kumwuliza shemejiye: mbona alinyamaza?

"Mlisema nipumzike," Bi Sitara alimjibu. "Hapana aliyeniuliza nimechoka na nini."

Kwa hiyo, Abbasi, tulikuwa tumekusudia kukulaumu katika karatasi hii. Tulitaka kukuuliza kwa nini hukututamkia wazi kwamba nusu ya darasa lako ilikuwa uani. Lakini kila tukikaa kuiandika lawama hiyo, tunaisikia bakora yako ikigonga mlango wa nyuma. Ulitwambia kila Alhamisi. Sisi tulicheka.

Komeo limeng'olewa, na vijana watakaokuja baada ya Alasiri watapita mpaka ndani. Hitima itasomwa nyumbani Ijumaa hii. Jamaa na majirani mnakaribishwa. Nduguyo Sadalla amekutungia ubeti huu:

Mlango tumefungua,
uani wanaingia,
lawama tumeitua,
kaburi lipate nuru.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bi Sitara. Binti yako Siwema. Kaka yako Sadalla. Dada yako, mama yake Bakili. Bakili mwenyewe, ambaye siku hizi hurudi kutoka kazini saa kumi na moja. Na vijana wote uliowarudisha kizingitini waingie tena. Maadamu mlango ule u wazi, Abbasi, jina lako halitatoka katika nyumba hii.