Kizazi cha Kondoo na Swali la Asimwe

Mdogo wangu mpenzi Asimwe,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na shemeji Deus. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ulaya imenipasua midomo. U hali gani? Mgongo umeacha kukusumbua? Kahawa mmeshaanika, au mvua ya Kimuli bado inawachezea? Hapa hakuna wa kuniuliza kama nimeamka salama. Wiki ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja njiani kwa adabu zote, akageuka kutazama nyuma yake, akidhani nasema na mtu mwingine.

Najua umenikasirikia. Ulinitumia swali zito, nami miezi minne nikawa nakujibu habari za migomba. Sikutaka kulijibu kwa simu, maana simu yenu husikilizwa sebuleni, na mama mkwe wako ana masikio mazuri. Barua hii nimempa mwanafunzi wa Muleba anayerudi likizo, ameahidi kukukabidhi mkononi. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Uliniuliza: "Dada, ni kweli hapo kazini kwako wanahamisha kizazi? Na mimi naweza kuwekewa?"

Ni kweli, Asimwe. Wapo wanawake waliowekewa kizazi cha mtu mwingine, mara nyingi cha mama au dada, na wakazaa. Lakini hapa kwetu wagonjwa ni kondoo. Madaktari wanatafuta njia iliyo salama zaidi, na wapasuaji vijana wanajifunza kuunga mishipa ya damu. Mimi, afisa mifugo wa zamani, kazi yangu ni kuwalisha, kuwapima joto na kukaa nao wakizinduka kutoka kwenye nusu kaputi. Baba yetu, Tata, aliposikia alicheka mpaka akakohoa: "Yaani umepanda ndege kwenda kuchunga?" Nikamwambia, ndiyo, Tata, nachunga.

Kondoo wana namba masikioni, lakini mmoja nilimpa jina kimyakimya. Nilimwita Bihogo, kwa ile rangi yake nyekundu ya ng'ombe wa kwetu. Bihogo alitolewa kizazi chake mwenyewe, kikawekwa kwenye barafu, kikaoshwa damu yote, kisha kikarudishwa tumboni na kuungwa upya. Ndivyo wanavyoanza, ili wajue kama kizazi kilichokatwa kinaweza kubeba mimba. Alipopona akaletewa dume, tukasubiri. Siku kipimo kilipoonyesha moyo mdogo unadunda, Daktari Ingrid, mkuu wetu, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alinipiga begani mpaka nikapepesuka.

Hapo ndipo swali lako liliponikuta. Nikasema moyoni, ngoja Bihogo azae, nimpe mdogo wangu jibu zuri.

Lakini kabla Bihogo hajazaa, kondoo wa zizi la jirani, aliyefanyiwa upasuaji uleule, aliacha kula asubuhi. Kufika saa sita mchana amekufa. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa, ingawa hakuna aliyekosea. Nilimfunika turubai, nikaenda kuosha mikono, nikajikuta naosha tu, naosha tu. Niliyekuwa namwona pale chini ya turubai hakuwa kondoo. Nilikuwa nakuona wewe.

Bihogo naye akaanza uchungu siku nne kabla ya siku aliyopangiwa kupasuliwa. Tukamkimbiza mezani. Mtoto akatolewa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Kijana anayesimamia nusu kaputi akasema, "Hapumui." Wote wakatazama mashine. Mimi sikutazama mashine. Nilimshika miguu ya nyuma, nikambembeza kichwa chini kama Tata anavyofanya kwa mbuzi, nikamfyonza ute puani kwa mdomo wangu, nikatema, nikamsugua kwa taulo mpaka mikono ikaniwaka. Akapiga chafya! Kisha akalia, sauti nyembamba yenye hasira.

Daktari Ingrid alikuwa bado anamshona mama yake. Akauliza bila kuinua macho, "Hiyo umejifunza wapi?"

"Ihembe."

"Ni chuo cha wapi hicho?"

"Si chuo, Daktari. Ni nyumbani kwa baba yangu."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Nikaona hapo hapo ndipo pa kumweleza. Tulipokuwa tunanawa nilimwambia kila kitu chako, kwamba mtoto alifia tumboni, kwamba damu ilikataa kukatika, na madaktari wakatoa kizazi ili wewe ubaki hai. Nikamwambia, "Mimi nina watoto wawili, wananitosha. Changu hakina kazi tena. Kichukueni mkampe."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza bila kunipaka mafuta. Mayai yako bado unayo, hilo ni jema. Lakini ni upasuaji mkubwa kwako na kwangu pia. Utameza dawa kila siku ili mwili usikikatae, na dawa hizo zinapunguza kinga, homa ndogo inageuka kubwa. Mtoto anatolewa kwa kisu, na baadaye kizazi nacho kinatolewa, maana huwezi kuishi na dawa hizo maisha yote. Na wengine hupitia yote hayo na kizazi kikafa. Watu wa mbali kama sisi hawapokelewi hapa, na kwetu bado hospitali yenye huduma hiyo sijaisikia. Kwa hiyo jibu langu, mdogo wangu, ni kwamba sasa hivi haiwezekani. Wala sitakwambia "subiri kidogo," kwa sababu sijui.

Nikaendelea kumbembeleza. Akaniuliza, "Kwa nini unataka sana kutoa?" Nikarudi kusugua mikono kwa sabuni. Akasema, "Anayetoa kiungo kwa kujilaumu hatumpasui. Kwanza kazungumze na mdogo wako."

Basi nazungumza. Asimwe, siku ile uchungu ulipoanza ulinipigia mchana. Nilikuwa Kiruruma nachanja ng'ombe, watu wamepanga foleni na mifugo yao. Ukasema, "Dada, maumivu haya si ya kawaida." Nami nikakujibu, "Mimba ya kwanza huchelewa. Kunywa uji, pumzika, nenda jioni." Ulinisikiliza kwa sababu mimi ndiye dada, na kwa sababu nimesomea, ingawa niliyosomea ni ng'ombe. Ningesema nenda sasa hivi, huenda leo tungekuwa tunazungumza habari za ada ya shule. Miaka sita hujanilaumu, hata kwa jicho. Nami nimetumia ukimya wako kama blanketi, nikajifunika. Nisamehe. Na kama hujaweza kunisamehe, nitaelewa.

Kuna lingine. Daktari aliniuliza kama nimewahi kukuuliza wewe mwenyewe unataka nini. Nikaona aibu, nikampigia Deus kwanza, nijue mnaishije. Akasema: "Shemeji, mama ameniletea habari za msichana wa kuoa. Nilikataa siku ileile. Asimwe hakukwambia?"

"Hakuniambia. Na wewe, ulimwambia Asimwe kwamba umekataa?"

"Nilidhani anajua."

"Ataijuaje, Deus? Ameiota?"

Nilimfokea, nisamehe na hilo pia. Nikamwambia akaseme mbele yenu wote wawili, wewe na mama yake. Jumapili akanipigia, akasema neno moja tu, "Nimesema." Wewe ulikuwepo, unajua kuliko mimi jinsi mama yake alivyopokea. Lakini kama swali lako lilikuwa la kumwogopa yule msichana, basi sasa liulize upya. Na kama bado unataka mtoto wa tumbo lako kwa sababu wewe Asimwe unamtaka, niambie. Nitaendelea kuuliza kila mlango huku, na changu kipo, nimekiweka kwa ajili yako.

Bihogo anaendelea vizuri na ananyonyesha. Mtoto wake anaruka ovyo na amekwisha kunitafuna kamba za viatu.

Nisalimie mama mkwe wako, mpe shikamoo yangu, najua hana ubaya, ana hofu ya uzee. Msalimie Tata ukipita Ihembe, na Mama, mwambie mafuta ya kujipaka aliyonifungia yamekwisha. Wanangu wabusu kwa niaba yangu, na baba yao umwambie asiwalishe chai na mkate kila siku. Deus mwambie tumepatana.

Usinijibu kwa simu. Chukua karatasi, ukae mahali penye utulivu, uandike. Kama una hasira, andika na hasira yako yote, usiipunguze kwa sababu mimi ni mkubwa. Nitaisoma mpaka mwisho.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Kemilembe