Gari la Saa Moja na Dakika Kumi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Asubuhi kavu, joto la tanuri. Ndiyo Arizona.

Mama kaenda kusafishwa damu. Kituo cha basi kiko ng'ambo ya barabara, na malori ya kokoto hayamjui mtu. Taa za kuvukia ziko mwendo wa dakika ishirini — kwa miguu yangu, si ya Mama! Kwa hiyo sisi husubiri magari meupe yasiyo na dereva, yanayofanya mazoezi mtaani kwetu tangu Januari. Mawili hupishana hapa saa moja na dakika kumi. Mama kashusha mguu barabarani. Yote mawili yakasimama, moja kila upande. Nyuma yao malori, honi, matusi. Mama kapita taratibu kama askofu, sisi majirani tisa tukimfuata.

Jumatano, 11 Juni

Mkutano ukumbi wa kanisa. Binti wa kampuni ya magari ametushukuru: magari yamejifunza mengi kwetu, sasa yamehitimu! Jumatatu yanahamia katikati ya jiji na uwanja wa ndege. Ramani ya buluu inaishia mtoni; sisi tuko ng'ambo.

"Na sisi?" nikauliza.

"Awamu ijayo, mama."

Don Nicanor, jirani yangu muuza aiskrimu, kasimama. "Binti, mmejifunza kunyoa kwenye vichwa vyetu, sasa mnakwenda kunyoa mabwana harusi?"

Binti kaandika. Eti maoni.

Ijumaa, 13 Juni

Nimepiga simu ofisi ya barabara kuomba taa. Bwana kapekua takwimu zake. Tangu Januari hakuna aliyegongwa hapo — hongereni, barabara yenu ni salama!

Mama leo kapapasa boneti ya gari. "Mungu akulipe, mwanangu." Mimi hajaniambia hivyo tangu Pasaka.

Jumatatu, 16 Juni

Vumbi. Saa moja na kumi — hakuna. Na robo — malori tu.

"Litakuja. Linanijua," Mama kasema.

Basi likatokea. Akashusha mguu. Nikamkamata mkanda wa gauni, lori likapita, kofia yake ikaruka. Basi likaenda zake. Jioni miguu imemvimba. Kliniki imempa nafasi kesho, basi lilelile.

Don Nicanor kaja na mpango: atasukuma toroli lake la aiskrimu hadi katikati ya njia, asimame, ajifanye roboti.

"Na upande wa pili, Don Nicanor?"

Akaninyooshea kidole.

Nimeanika shuka jeupe la kujifunika kesho. Nazima taa, saa nne na nusu.