Thabai ya Mwisho ya Kihara

Tabby, shika simu! Mwalimu Kihara amekwisha. Amekwisha kabisa!

Unakumbuka zile thabai, yale majani ya kuwasha watu hupika, alipanda Njoro, kwa shamba ya Mama Wangare? Miezi mitatu anazimwagilia maji, eti awaonyeshe vijana kuna pesa nje ya mahindi. Huyo mathe mwenye shamba, Kihara alimwambia tu ni mboga.

Leo amefika na vijana arobaini, kipaza sauti mkononi. Shamba ni udongo mtupu. Mtupu, Tabby!

Mama Wangare amesimama hapo na jembe, mikono imefura, anatabasamu. "Mwalimu, mboga zako zilikuwa zimemezwa na thabai. Wageni wangesema nini? Nimeamka mapema nikang'oa zote."

ZOTE!

Kihara akatazama ile mikono. Angemwambia nini, na mathe amewashwa hivyo kwa ajili yake? Akashukuru.

Halafu akaona moja imebaki nyuma ya choo. Akawapeleka vijana wote huko, wakaizunguka, akainua kipaza sauti: "Vijana, hii ndiyo kesho yenu!"

Mama Wangare akapenya katikati yao na jembe.

"Woi, pole mwalimu! Hiyo ilinipita."